Mali Bila Daftari

Simu iliingia Jumatatu ya pili ya Januari, kabla ya saa mbili asubuhi. Aliyepiga ni mkuu wa shule moja ya sekondari ya bweni mkoani Tanga, mwalimu wa siku nyingi, mama asiyepiga simu ovyo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Tovuti yetu imeingiliwa. Wazazi wanafungua wachukue fomu ya kujiunga, wanakuta mambo ya kubeti."

Nilifungua kompyuta simu ikiwa bado sikioni. Kweli. Pale palipokuwa na nembo ya shule na picha ya bwalo jipya, sasa palikuwa na mpira wa miguu, tarakimu nyekundu zinazowaka na kuzimika, na kitufe kikubwa cha kuwekea dau. Anwani juu ya kivinjari ilikuwa ileile ya shule, herufi kwa herufi. Nikaangalia kumbukumbu za usajili wa jina lile, na hapo jambo likajulikana. Hakuna aliyevunja mlango. Jina lilikuwa limeisha muda wake mwezi wa nane, halikulipiwa, likarudishwa sokoni, mtu akalinunua kwa haki yake.

"Hamjaingiliwa, Mwalimu," nikamwambia. "Jina la tovuti halikulipiwa. Limeshachukuliwa na mtu mwingine."

Akanyamaza kidogo. "Alitakiwa kulipia nani?"

Swali hilo ndilo linaloibeba sura hii yote, na nilichelewa sana kulielewa. Watu wakizungumzia kutunza tovuti huanza na programu: ipi ni bora, ipi ya bure, ipi ina ulinzi mkali. Lakini tovuti nyingi nilizoitwa kuziokoa hazikuuawa na wadukuzi wala na programu mbovu. Zilikosa mwenyewe. Kila mtu ofisini aliamini yupo mwenzake anayeiangalia, na yule mwenzake aliamini hivyohivyo. Wafanyabiashara wa zamani walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona methali inayoifaa tovuti kuliko hiyo. Mabati yakichakaa utaona maji kwenye dari. Tovuti ikianza kupotea hakuna kinachodondoka.

Ya shule ile ilipoteaje? Miaka minne kabla, mwalimu kijana wa mkataba aliyejua kompyuta alijitolea kuitengeneza. Ofisi haikuwa na barua pepe ya maana, kwa hiyo akasajili jina la .com kwa barua pepe yake mwenyewe na namba yake ya simu. Alifanya kwa nia njema, tena kwa pesa ya mfukoni mwake. Mkataba ukaisha, akahamia Mwanza, akabadilisha laini. Maonyo ya kampuni ya usajili yalitumwa yote kama inavyotakiwa, yakajaa kwenye kisanduku cha barua kisichofunguliwa. Na jina la .com halinyang'anywi siku ya kwanza. Likiisha, muuzaji anaweza kulishikilia hadi siku 45, kisha hufuata siku 30 ambazo mwenye jina bado anaweza kulikomboa kwa faini, kisha siku 5, ndipo linaachiwa. Shule ilikuwa na karibu miezi miwili na nusu ya kuokoa kitu cha dola kumi na kitu kwa mwaka. Kilichoniuma zaidi ni kingine: tangu jina lilipoisha, tovuti ilikuwa imezimika, na hadi Januari hakuna mtu pale shuleni aliyekuwa ameifungua.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya shule za mikoani tu. Krismasi ya mwaka 1999, watumiaji wa Hotmail walishindwa kuingia kwenye barua zao. Hotmail ilikuwa ya Microsoft, na kuingia kwake kulipitia jina passport.com, ambalo Microsoft walikuwa wamesahau kulilipia. Mwandishi wa programu wa Tennessee aitwaye Michael Chaney aligundua chanzo, akatoa kadi yake, akalipa dola 35, na huduma ikarudi. Kampuni tajiri namna ile, yenye wahandisi maelfu, ililipiwa deni na mpita njia siku ya sikukuu. Haikuwa imekosa pesa wala ujuzi. Lilikosekana jina la mtu mbele ya tarehe.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachomwomba mteja ni daftari, daftari kweli, kaunta buku ya jalada gumu. Ukurasa wa kwanza ni wa jina la tovuti, ambalo mafundi tunaliita domeini: limesajiliwa kampuni gani, kwa barua pepe ipi, linaisha lini, nani alilipa mara ya mwisho na risiti iko faili gani. Barua pepe hiyo iwe ya ofisi, isiwe ya mtu. Tena isiwe ile inayotumia jina la tovuti yenyewe, maana jina likizimika na barua pepe inazimika nalo, na onyo la kulipia halina pa kufikia. Nimeona ofisi mbili zikinaswa na mtego huo. Ukiweza, lipia miaka mingi kwa mkupuo; .com inakubali hadi 10.

Ukurasa wa pili ni wa seva: mmekodi wapi, kwa kiasi gani, mpaka lini. Hapohapo andika habari za cheti cha usalama, kile kinachoifanya anwani ianze na https. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt, ambavyo vimesaidia sana taasisi ndogo tangu mwishoni mwa 2015, vimezoeleka kudumu siku 90, na seva hupangwa ivisasishe yenyewe. Fundi akigusa mipangilio bila kuangalia, kazi hiyo inakatika kimya. Wiki zinapita salama, halafu asubuhi moja wageni wote wanakuta onyo kwamba tovuti yenu si salama, na mzazi aliyekuwa anatafuta ada anadhani ni matapeli.

Nywila hazikai kwenye daftari. Zikae kwenye programu ya kutunzia nywila inayofunguliwa na watu wawili, au kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi na kusainiwa, ndani ya kasiki la mhasibu. Wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuugua.

Na mwenyewe ni nani? Hapa huwa nabishana na mafundi wenzangu. Wao hupenda kusema mwenyewe ni fundi. Mimi nasema ni mhasibu au karani, yule anayejua leseni ya biashara inaisha lini na bima ya gari imebakiza siku ngapi. Fundi ana wateja ishirini na atahama. Mhasibu yupo, na tarehe ndiyo kazi yake. Hahitaji kujua namna seva inavyofanya kazi. Anahitaji kuifungua tovuti kila Jumatatu kwa simu yake mwenyewe, kwa bando la kawaida, kama mzazi, na kuandika kwenye daftari: imefunguka, au haikufunguka. Dakika tano.

Sasa nakala rudufu, ambayo wengi wanaiita bekapu. Kila mtu anayo, ukimuuliza. Nataka niisimulie habari ya GitLab kwa kirefu, kwa sababu hakuna somo bora juu ya jambo hili, na kwa sababu kampuni yenyewe iliyaandika yote hadharani pasipo kuficha.

GitLab ni mahali ambapo waandishi wa programu wa dunia nzima huhifadhi kazi zao. Usiku wa Januari 31, 2017, fundi wao mmoja alikuwa akihangaika na seva mbili za hifadhidata. Seva ya pili, iliyotakiwa kunakili kila kinachoingia kwenye ya kwanza, ilikuwa imeachwa nyuma. Usiku ulikuwa umeshaingia na alikuwa karibu kumaliza kazi. Akaamua kuifuta ile ya pili ili aijaze upya. Majina ya seva hizo yalitofautiana kwa tarakimu moja, 1 na 2. Amri ya kufuta ikaenda kwenye 1, ile hai. Baada ya sekunde moja au mbili akashtuka, akaisimamisha. Katika gigabaiti zipatazo 300, zilikuwa zimebaki 4.5.

Walikuwa na njia 5 za kujikinga na siku kama ile. Wakaanza kuzigonga mlango kwa mlango. Nakala ya kila siku ilitakiwa iwe kwenye ghala la mbali. Walipolifungua, ghala lilikuwa tupu. Programu ya kunakili ilikuwa toleo la 9.2 na hifadhidata ilikuwa toleo la 9.6, kwa hiyo kazi ilianza kila siku, ikakataa, ikaacha. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikitumwa, lakini mfumo wa barua ulizikataa kwa sababu hazikuwa na uthibitisho unaotakiwa, hivyo hakuna aliyeziona. Picha za diski zinazopigwa na kampuni ya seva hazikuwa zimewashwa upande wa hifadhidata. Kilichowaokoa ni picha moja ya diski iliyokuwa imepigwa kwa mkono, kwa shughuli nyingine kabisa, muda wa saa 6 kabla ya ajali. Tovuti ilifungwa kwa karibu saa 18 huku uokoaji ukirushwa moja kwa moja YouTube. Kazi ya saa 6 zile haikurudi: walikadiria miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700.

Baadaye waliandika ripoti na kujiuliza swali juu ya swali, kila jibu likizaa kwa nini nyingine. Mwisho wa njia hiyo wakafika penyewe: kwa nini nakala hazikuwa zikijaribiwa mara kwa mara? Kwa sababu kazi hiyo haikuwa ya mtu. Niliposoma sentensi ile nilimkumbuka mwalimu wangu wa Tanga na swali lake. Mkuu wa shule na wahandisi wa GitLab walikuwa wamesimama mahali pamoja.

Tangu hapo siiti kitu nakala mpaka niwe nimeirudisha. Mara moja kila miezi mitatu, Jumamosi, nachukua seva tupu, nachukua nakala ya mwisho ya mteja, na kuijenga tovuti upya kana kwamba ya zamani imeungua. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo kwa taasisi moja, ilinichukua tangu saa tatu asubuhi hadi karibu saa nane mchana. Maandishi yalirudi yote. Menyu ikarudi. Kila palipotakiwa kuwa na picha pakawa na kisanduku cheupe chenye alama ya karatasi iliyochanika. Nakala ilikuwa imechukua hifadhidata peke yake kwa mwaka mzima. Folda ya picha haikuwahi kunakiliwa hata siku moja. Sherehe za miaka kumi za taasisi ile, nyuso za waasisi, wengine wameshafariki, vyote vilikuwa mahali pamoja tu duniani. Nilirekebisha mchana uleule, na ninakiri mikono ilikuwa inatetemeka.

Nakala ikae mbali pia. Usiku wa kuamkia Machi 10, 2021, jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto, na wapo wateja waliopoteza tovuti pamoja na nakala, kwa kuwa zote zilikuwa uwanja mmoja. Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, inatosha kwa ofisi yoyote: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 nje ya eneo. Kwa shule ile ya Tanga, "nje ya eneo" ni diski ndogo nyumbani kwa mhasibu.

Kusasisha programu nitakupitisha haraka, kwa kuwa jambo lenyewe linaeleweka na linapuuzwa tu. Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaendeshwa kwa WordPress. Tarehe 26 Januari 2017 lilitoka toleo la 4.7.2, likiwa na kiraka cha tundu baya: mtu asiye na nywila yoyote angeweza kubadilisha maandishi ya tovuti. Watengenezaji wakanyamaza kwa makusudi takriban wiki moja ili tovuti zijisasishe zenyewe, uwezo ambao WordPress ilikuwa nao tangu 2013, ndipo Februari 1 wakalitangaza tundu hilo. Katika wiki zilizofuata zaidi ya kurasa milioni 1 na nusu zilichafuliwa. Kiraka kilikuwapo, cha bure, na tovuti iliyoachwa ijisasishe ilikuwa imeshapona kabla wahuni hawajaamka.

Wanaozima kujisasisha wana hofu ya kweli: sasisho huweza kuvunja tovuti. Dawa yake ni kuchukua nakala kwanza, kujaribu pembeni, kisha kusasisha Jumanne asubuhi wakati fundi yupo. Ijumaa jioni usiguse kitu. Na punguza plagini, zile programu ndogo zinazochomekwa kwenye WordPress kuiongezea uwezo. Kila plagini ni ufunguo wa nyumba yako uliompa mtu usiyemjua, ukitumaini ataendelea kuwa mwangalifu. Nimekuta tovuti ya ofisi ya watu sita ina plagini 41, nyingine hazijaguswa na watengenezaji wake kwa miaka. Tukabakiza 9, na hakuna mgeni aliyegundua tofauti isipokuwa kwamba kurasa zilifunguka upesi.

Hapo ndipo ninapofika kwenye ushauri ambao wateja hawapendi kuusikia: huenda unahitaji tovuti ndogo kuliko uliyo nayo. Tovuti ya filamu Space Jam ya mwaka 1996 bado inafunguka hadi leo, na nyota zake na sayari zake za wakati ule. Ukurasa wa mwanzo kabisa wa wavuti, wa mvumbuzi wake Tim Berners-Lee pale kituo cha utafiti cha CERN, nao unasomeka kwenye simu ya leo. Kurasa hizo ni mafaili ya kawaida ya maandishi na picha. Hazina hifadhidata ya kuvunjika wala plagini ya kuzeeka. Shule inayobadilisha tovuti mara nne kwa mwaka, fomu, ada, matokeo na likizo, ingetoshwa na kurasa kumi za aina hiyo. Nakala yake inaenea kwenye diski ya mfukoni. Mtu mwenye duka la mtandaoni hawezi kuishi hivyo, nakubali. Yeye amlipe fundi kila mwezi, au akodi huduma inayomtunzia kila kitu na akubali kuwa mpangaji wake. Lakini wengi si wenye duka.

Udogo huo ni heshima kwa msomaji pia. Picha ikitoka kwenye simu ya kisasa huwa na megabaiti 4 hivi. Kwa upana wa ukurasa haihitaji hata kilobaiti 200. Ukipandisha picha kumi kama zilivyo, umemlia mzazi wa Handeni megabaiti 40 za bando lake kabla hajaiona fomu aliyoifuata. Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimelifanya mwenyewe, kwa miaka, nikiwa na intaneti ya ofisi isiyonigharimu kitu.

Kisha kuna anwani za ndani, zile za kila ukurasa. Mwaka 1998 Berners-Lee aliandika makala fupi akisihi kwamba anwani nzuri haibadiliki, na akaeleza kuwa zikibadilika ni watu wamezibadilisha. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilipochunguza mwaka 2023, asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo 2013 hazikuwa zikifunguka tena. Kila fundi mpya anayekuja na muundo mpya huzizika za zamani, na hakuna anayeuliza nani alikuwa amezishika. Mzazi ameihifadhi ile anwani kwenye simu. Gazeti limeichapisha. Imebandikwa ubaoni kwenye ofisi ya kata. Ukilazimika kuhamisha ukurasa, acha maelekezo kwenye anwani ya zamani yampeleke mgeni kwenye mpya. Seva yoyote inaweza kufanya hivyo, kwa mstari mmoja wa maandishi.

Shule ya Tanga haikulipata tena jina lake. Mafaili pia yalikuwa yamefutwa, kwa kuwa seva nayo haikulipiwa. Baadhi ya kurasa tulizipata kwenye Wayback Machine, hazina ya Internet Archive ya San Francisco, ambayo mashine zake zilikuwa zimepita zikainakili tovuti ya shule bila mtu kuiomba: historia ya shule, majina ya wakuu waliotangulia, picha tano. Tukasajili jina jipya la .sc.tz kwa barua pepe ya ofisi, tukatengeneza kurasa kumi. Nilikwenda mwenyewe kukabidhi. Barabarani, kwenye njia panda ya kuingilia shuleni, fundi rangi alikuwa juu ya ngazi akiifuta anwani ya zamani kwenye kibao kwa brashi pana, rangi nyeupe ikimdondokea mkononi.

Ofisini mhasibu alikuwa ameshanunua kaunta buku na kuipigia mistari kwa rula. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la tovuti, kampuni, tarehe ya kuisha kwa wino mwekundu, na jina lake mwenyewe kwenye safu ya mwisho. Mkuu wa shule akalivuta daftari, akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari hadi palipoandikwa "Fundi" na jina langu na namba yangu. Akaweka kidole hapo.

"Na wewe ukihama?"

Sikuwa nimeliwazia hilo. Akanisogezea kalamu, nikaandika chini yake jina la fundi wa pili.